Mtoto Aliyeandikwa kwa Jina Langu

Kairo, Misri
Ijumaa, baada ya sala

Mama yangu,

Shikamoo. Leo ni siku ya kumi na moja hupokei simu yangu, kwa hiyo sijui kama utaitika. Mimi nimekuamkia na haki yako nimeitoa. Marahaba nitakuja kuichukua mwenyewe. Magoti yanaendeleaje? Bado unapanda zile ngazi za Mkunazini kwenda kuwakanda wazazi wapya, au Raya amefanikiwa kukuzuia? Na kule jikoni mmeziba paa, au mvua ikinyesha mnaendelea kutega ndoo? Mimi mwilini ni mzima, alhamdulillahi. Moyoni nina hasira, na sitaificha, kwa sababu nikiificha nitakuandikia uongo, na uongo nimeuchoka mwezi huu.

Raya mdogo wangu, wewe ndiye utakayemsomea Mama. Soma kwa sauti na usiruke neno, hata pale utakapoona nimevuka mpaka. Kama Ami Haji amekuja kutoka Bwejuu, mwache akae asikilize na yeye. Najua ndiye aliyesema kwamba alishaonya zamani juu ya mtoto wa kike kupelekwa nchi za watu peke yake.

Mama, sikuzaa.

Nimeliweka neno hili mapema ili mpumue, kisha mnisikilize. Sina mtoto na sijapata kuwa na mimba. Jina mliloliona kwenye picha ya ubao wa wodi ya wazazi ni langu kweli: Asya Khatib, Zanzibar. Aliyepiga picha ile ni mke wa mwanafunzi mmoja wa kwetu, simtaji, mnamjua. Alikuja hospitali kumtazama shoga yake, akasoma ubao, akatoa simu. Mimi nilikuwa nimekaa ukumbini, hatua tano kutoka ubao huo, nimevaa viatu vyangu, sina tumbo wala kichanga mkononi. Angegeuza shingo tu angeniona. Hakugeuka, na kabla sijarudi nyumbani picha ilikuwa imeshazunguka Mji Mkongwe wote.

Aliyelala kitandani chini ya jina langu anaitwa Rawan. Ni mwanamke wa Gaza, ana miaka ishirini na sita. Mtoto ni wake.

Nieleze toka mwanzo. Kazi yangu unaijua kwa jina, lakini sidhani kama nimewahi kukuonyesha ilivyo. Mimi ni mkunga kwenye kituo cha hisani chenye vyumba viwili, juu ya duka la vitambaa. Hatuna kitanda hata kimoja cha kulaza mtu. Tunapima mimba, tunagawa vidonge vya kuongeza damu, tunaandika barua za kupeleka wagonjwa hospitali. Tangu vita vianze, wengi wanaopanda ngazi zetu ni wanawake wa Gaza waliotoka na majeruhi wao. Nikimuuliza mmoja ana mimba ya miezi mingapi, hanitajii miezi. Ananiambia: mimba niliishika tukiwa bado nyumbani, ilianza kucheza tukiwa tumekimbilia skuli, na hemani ndipo miguu ilipoanza kuvimba. Mimi kalamu mkononi nageuza mahali kuwa wiki. Wanakuja wembamba, kope nyeupe kwa kukosa damu, na wengine ndiyo kwanza wanapimwa tumbo likiwa limeshafika juu ya kitovu. Wanaona haya kwa hilo, Mama, wananiomba radhi mimi kwamba wamechelewa kuja. Hapo huwa nataka kuvunja kitu.

Rawan alitoka Gaza kumsindikiza mama mkwe wake, Um Khalil, bibi wa miaka sitini aliyevunjwa mguu na ukuta wa nyumba yao. Ruhusa ilikuwa ya majeruhi mmoja na msindikizaji mmoja. Mumewe Khalil akabaki kule. Rawan alikuwa na mimba changa, akanyamaza, akiogopa kwamba wakijua watamfuta kwenye orodha na bibi atabaki bila mtu. Walipofika, Um Khalil alilazwa ghorofa ya tatu, na Rawan akapewa godoro kwenye nyumba ya wasindikizaji, nyuma ya hospitali, ghorofa ya nne, bila lifti.

Hii ilikuwa mimba yake ya pili. Ya kwanza alijifungulia kwenye chumba cha darasa walimohamia, pazia la mablanketi, wanaume wamegeuka ukutani. Jirani aliyekuwa mshoni wa nguo ndiye aliyemzalisha. Alichanika na hakuwa na wa kumshona, akatoka damu mpaka akawa hasikii watu wanasema nini. Maziwa hayakutoka vizuri, maana alikuwa anakula mkate na maharage ya kopo, na siku nyingine mkate peke yake. Mtoto alikuwa wa kiume. Aliishi siku kumi na mbili. Alinieleza haya siku ya kwanza nilipompima, kwa sauti ya mtu anayetaja anwani yake, kisha akaniuliza kama safari hii anaweza kuzaa mahali penye mlango.

Nilimwambia ndiyo. Nilimwahidi, Mama, kana kwamba milango ya mji huu ni yangu.

Mimba ilipofika mwezi wa nane presha yake ikapanda. Miguu ikavimba, uso ukajaa, akaanza kuona vimulimuli mbele ya macho na kuumwa kichwa upande wa nyuma. Unazijua dalili hizo, umezikuta mwenyewe, na mimi nimezisomea. Mtu wa namna hiyo halali ghorofa ya nne na ndoo za maji. Analazwa hospitali. Nikaandika barua, nikamshika mkono, nikampeleka kwenye dirisha la mapokezi la hospitali ile ile anayotibiwa mama mkwe wake.

Karani akaniuliza, "Faili lake liko wapi?"

"Hana, ndiyo kwanza anakuja."

Akatafuta kwenye kompyuta. "Huyu ameandikwa msindikizaji. Msindikizaji hafunguliwi faili. Ana kibali cha kukaa nchini?"

"Hana, na mnajua kwamba hawapewi."

"Basi akizidiwa mlete. Dharura tunapokea."

"Akizidiwa ni kufanya nini?"

Akafikiri kidogo, akajibu kwa adabu kabisa, "Akianguka."

Mimi ni mkunga mwaka wa tisa sasa. Wanaoanguka kwa kifafa cha mimba nimewaona, na si wote niliowaona wakiinuka. Lakini lililonikera zaidi ni kwamba karani yule hakuwa mtu mbaya. Alimletea Rawan kiti. Alimpa maji ya chupa yake mwenyewe. Juu yetu, ghorofa ya tatu, Um Khalil alikuwa na madaktari watatu wanaopita kila siku kuangalia mguu, madaktari wazuri, sitawasingizia. Mguu ulikuwa na faili, tumbo halina. Ukija umevunjwa unatazamwa, ukija umebeba mtoto unaambiwa subiri uanguke. Nilitaka kulia pale dirishani na nikakataa kulia, nikasema machozi yangu hayatatuletea hata kiti cha pili.

Nikatoka naye nje. Kwenye mkoba wangu nilikuwa na kadi ya bima ya kazini. Haina picha, ina jina na namba tu. Nikasimamisha teksi, nikampeleka hospitali nyingine inayopokea kadi ile. Njiani nikamwambia, "Kuanzia hapa wewe ni Asya, mimi ni dada yako. Usiseme neno. Ukisema, Kiarabu chako cha Gaza kitatufichua."

Nililolifanya nalijua. Nilitoa kadi yangu, nikasema huyu ni Asya Khatib kutoka Zanzibar, mumewe yuko safarini. Wakampima presha, nyuso zikabadilika, wakamkimbiza kitandani na kumwekea dripu ya kuzuia kifafa. Hakuna aliyeuliza lolote tena. Mwanamke yule yule, tumbo lile lile, kwa tofauti ya kadi. Walikuwa wapole, walikuwa wepesi, walimwita bibie. Nilisimama pembeni nikiwachukia kwa upole wao.

Siku ya pili wakaamua mtoto atoke, wakamwanzishia uchungu. Mama, umekaa na wazazi maisha yako yote. Umepata kumwambia mwanamke aliye kwenye uchungu asitoe sauti? Mimi nimemwambia. Nilimpa pindo la kanga yangu aliume, akaliuma mpaka likatoboka. Muuguzi akaniuliza dada yako mbona hasemi, nikajibu ni mwoga wa hospitali. Yakaja yale maumivu ya mwisho, na pale hakuweza tena. Akaita, "Yamma." Ndivyo wao wanavyomwita mama. Aliita mara tatu, kwa sauti ya watu wa kwao kabisa, na mama yake alishakufa kwenye vita hivi.

Muuguzi akainua kichwa. "Ndugu yako anaita kama watu wa Gaza."

Nikasema, "Kazoea majirani."

Akalivuta pazia lote, akarudi kwenye kazi yake, na hakuniuliza tena. Sitamtaja mahali popote.

Akatoka mtoto wa kike, mdogo, analia vizuri. Rawan akamwita Huda, jina la huyo mama yake.

Wakamruhusu kesho yake, presha ikiwa imeshuka kiasi, na wakatupa karatasi ya kuzaliwa. Niliisoma kwenye teksi. Mama wa mtoto: Asya Khatib Juma. Baba wa mtoto: hapo walipiga mstari, kwa kuwa sikuwa na cheti cha ndoa cha kuwaonyesha. Nikaikunja haraka nikaitia mkobani. Nilijiambia, la kwanza mzazi awe hai, karatasi baadaye.

Siku ile ile niliyokuwa nikimpandisha Rawan ngazi za ghorofa ya nne, ameshika ukuta, mimi nimebeba mtoto, ndipo simu yangu ilipoanza kulia. Sasa hapa Raya usiruke. Kwenye kundi letu la ukoo kila siku mnaweka dua kwa ajili ya akina mama na watoto wa Gaza, nami naitikia amina. Nilipofungua kundi niliona dua ile imewekwa asubuhi, na chini yake imewekwa picha ya ubao. Dua juu, picha chini. Chini ya picha kuna maneno ya watu ninaowaita shangazi na kaka. Mmoja kasema nilikuwa nikijidai na usomi. Mmoja kasema ndiyo maana sikurudi Idi iliyopita. Mwanamke mliyekuwa mkimwombea na mwanamke mliyekuwa mkimsuta alikuwa mmoja, amelala mbele yangu kwenye godoro, na hamna hata mmoja kati yenu aliyeandika, "Asya, ni kweli?"

Habari za posa nimezipata. Kwamba mchumba wangu Mbarouk ametuma mjomba wake kutoka Uroa kuja kusema basi. Mbarouk ananijua tangu skuli. Namba yangu anayo, na alikuwa akiniamkia nayo kila asubuhi. Akitaka kurudi baada ya barua hii kusomwa, mwambieni abaki huko huko Uroa.

Na wewe, Mama. Wengine nimewakasirikia, lakini wewe umeniuma. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mzazi haulizwi maswali siku saba za mwanzo, anapewa uji kwanza. Nilikuwa mtoto nakubebea chungu cha majani ya kukandia, nakusikia ukiwafukuza watu mlangoni: "Nshasema, maneno baadae, mwacheni mwenzenu apumue." Mwanao ulipoambiwa kazaa, hukupokea hata simu.

Nisikilize sasa yaliyofuata. Siku ya tatu nilimkuta Rawan ameinama anamwaga beseni la mama mkwe wake. Um Khalil walikuwa wamemtoa hospitali na chuma mguuni, wakamrudisha kwa msindikizaji wake, kama karatasi inavyosema. Bibi analia kwa aibu, anasema, "Kwetu mimi ndiye ningemlaza huyu siku arobaini, nimpikie, nimfungie mlango. Leo yeye ananipangusa mimi." Wao pia wana arobaini, Mama, sawasawa na sisi. Arobaini hiyo nayo wamenyang'anywa na hakuna habari inayoitaja. Nikamlaza Rawan, nikamwaga beseni mwenyewe, kisha nikamtolea karatasi ya mtoto, kwa sababu alikuwa ameshaniuliza mara mbili.

Aliisoma. Akaisoma tena. Nilitegemea atalia, lakini alikasirika, na hasira yake ilikuwa kubwa kuliko yangu.

"Umenitoa mautini, Asya, na nitakuombea mpaka nife," alisema. "Lakini yule wa kwanza hana karatasi. Alizaliwa darasani, akazikwa, hakuna ofisi iliyomwandika popote. Huyu wa pili anayo karatasi, na mimi simo. Khalil yuko hai, anatuma ujumbe kila anapopata mtandao, na mmempigia mstari. Siku nikiambiwa nirudi kwa mume wangu, mpakani nitasema huyu ni nani?"

Um Khalil akageuza uso ukutani. Nilikuwa nimejiona shujaa siku tatu nzima, nawakasirikia makarani na mashangazi, na kumbe mimi mwenyewe nimemwandika mwanamke huyu kwamba hakuzaa.

Toka siku hiyo nakwenda kwao kila nikitoka kazini. Usininunie, nampima presha kwanza, kisha ndiyo namkanda kwa maji ya moto, kama wewe. Ndiyo, mimi, niliyerudi toka chuo cha wakunga nikakucheka na chungu chako. Nilikosa. Dawa ya presha imemwokoa, lakini mtu akishaokolewa anataka pia kushikwa. Nampikia uji wa pilipili manga, Um Khalil anaonja na kusema utamuunguza mtoto, ananielekeza nichemshe mdalasini na kutwanga njugu za jozi juu yake, tunabishana, Rawan anakunywa vyote viwili. Maziwa yametoka. Huda ananyonya mpaka anatoka jasho.

Juzi mwanafunzi mmoja aliyetoka likizo Unguja akaniletea furushi lako. Halikuwa na barua. Halikuwa hata na salamu ya mdomo, nilimuuliza, akasema, "Bi mkubwa kanambia nikupe tu." Nikalifungua mbele ya Rawan. Pilipili manga, habasoda, kanga moja, na mkaja. Na si mkaja mpya. Ni ule mweupe wa bafta, laini kwa kufuliwa, uliofungwa wewe uliponizaa mimi, na tena ulipomzaa Raya, ambao hujapata kumwazima mtu.

Nilikaa chini, Mama. Unanikasirikia, hunipokei simu, unaamini nimekuaibisha mbele ya mji mzima, na umeutoa mkaja wako. Bado nimekasirika, maana ungeniuliza ungeutuma pamoja na maneno. Lakini niliulaza uso wangu juu ya kitambaa, nacho kilikuwa kinanukia sanduku lako.

Rawan akauliza ni nini. Nikamweleza kwamba kwetu mzazi hufungwa tumbo kwa kitambaa hiki, na kwamba mama yangu hakifungi mpaka mzazi acheke, kwa kuwa tumbo lililokaza kwa huzuni halishiki kitambaa. Akasema basi kitambaa kitasubiri sana. Sijamwona akicheka tangu tujuane. Akaniuliza mama yangu amejuaje kama yeye amezaa.

Nikamwambia ukweli. Nikamwambia mama yangu anadhani niliyezaa ni mimi. Nikamwambia mji wangu mzima unadhani hivyo, kwamba ami yangu amefunga safari toka Bwejuu kuja kuhuzunika, kwamba mchumba amekimbia bila viatu, na kwamba kuna mashangazi wanaohesabu Idi kwa vidole kutafuta nilishika mimba lini. Akanitazama mimi na tumbo langu hili, akamtazama mtoto wake, na akaanza kucheka. Alicheka mpaka nyuzi alizoshonwa zikamuuma. Um Khalil akataka kutafsiriwa upya sehemu ya ami, akacheka na yeye, chuma kikigonga kitanda. Nikatumia nafasi hiyo, nikasema bismillahi, nikaukaza mkaja mizunguko mitatu kama unavyofanya. Umeshika vizuri.

Rawan aliponyamaza akasema, "Kumbe hata kwenu wanaamini kilichoandikwa." Hakusema kwa kuniumiza. Lakini nililala nalo neno hilo, na nilipoamka nilikuwa nimeshaamua.

Karatasi ya hospitali hubadilishwa kuwa cheti ndani ya muda maalumu, na muda huo unakwisha wiki ijayo. Jina langu likishaandikwa kwenye cheti, Huda atakuwa mwanangu mpaka mahakama iseme vingine. Mkuu wa kituo chetu, mama mtu mzima ninayemheshimu, amenisihi ninyamaze. Anasema mtoto yu hai, mzazi yu hai, karatasi itatafutiwa njia. Nikijitaja watanifutia kazi na kibali, na wanaweza kukifunga kituo, na wale wanaopanda ngazi zetu watapanda kwa nani. Hilo la mwisho limeninyima raha, kwa kuwa ni kweli. Kwa hiyo jana nimeacha kazi kwa maandishi. Nimeandika kwamba kadi niliitumia bila kumwambia mtu yeyote kituoni, na hilo nalo ni kweli. Kosa nimelibeba peke yangu, kituo kisiguswe.

Jumapili, ambayo hapa ni siku ya kazi, ofisi zikifunguliwa nitakwenda hospitali na Rawan. Anacho cheti chake cha ndoa, ametoka nacho Gaza kimeshonwa ndani ya nguo. Nitawaambia aliyelala pale hakuwa mimi. Labda watarekebisha karatasi siku hiyo hiyo, labda watatuzungusha. Labda watanipandisha ndege kesho yake. Wakiniuliza kwa nini nilidanganya, nitawaambia kuna dirisha mjini hapa ambapo mjamzito anasubiri mpaka aanguke, na nitawataka na wao waliandike hilo.

Siogopi kurudi. Naogopa watakaokuwa wamesimama mlangoni. Barua hii nampa yule yule mke wa mwanafunzi aliyepiga picha, anakuja Unguja Jumatatu. Picha aliifikisha kwa nusu saa, na hii aifikishe, ikiwa imefungwa kwa gundi.

Nisalimie Bi Kidawa, jirani anayekuchumia majani ya kukandia. Nisalimie shangazi wa Uroa, salamu zake sizikati kwa ajili ya Mbarouk. Ami Haji mwambieni sikumvunjia heshima, bali safari nyingine aulize kabla ya kuhuzunika. Um Khalil anakusalimu, anasema mwanao hajui kupika mdalasini. Rawan anakuamkia. Amejifunza neno hilo, ananiambia kila siku nimfikishie: shikamoo. Umwitikie yeye, kama mimi huniitikii.

Nikija nitakuja na mkoba mmoja tu. Mkaja wako sitakuja nao, Mama, nimemwachia aliyezaa.

Mwanao wa kwanza, na safari hii jina hili ni la mwenyewe,

Asya Khatib